Yuko Bafuni Anaoga

Huku kwetu Tandika umeme ukikatika hakuna anayesema umekatika. Tunasema uko bafuni, unaoga. Mwulize muuza genge kama nyanya zimefika, atakwambia ziko bafuni zinaoga. Hata mwenye nyumba wetu, mtu ambaye kucheka anaona ni hasara, siku moja tulimbana kuhusu bomba alilotuahidi, akajibu bila kupepesa macho kwamba bomba liko bafuni, linaoga. Tukamsamehe.

Maneno hayo yana mwenyewe. Mwenyewe ni Khalfani, jirani yangu wa chumba cha pili, na siku hizi ukiyasema mbele yake anainuka na kuondoka.

Khalfani ni mtafsiri wa picha. Nyie mnaoangalia muvi kwenye simu huku mmejifunika shuka hamuwezi kuijua kazi hiyo, ngoja niwaeleze. Kwenye banda la Polikarpo kuna tivii kubwa, mabenchi, na joto la kuivisha mkate. Picha la Kihindi linaanza. Pembeni ya tivii anakaa Khalfani na maiki, na kila anayefungua mdomo kwenye lile picha, anayesema ni Khalfani. Polisi ni yeye, mwizi ni yeye, bibi harusi ni yeye, mama mkwe mwenye roho mbaya ni yeye na hapo ndipo anapofurahi zaidi. Nimewahi kumsikia akimtafsiri tembo, na tembo yule alikuwa na malalamiko ya msingi kabisa.

Ukimwona barabarani huwezi kudhani. Mwembamba, kofia yake ya kufuma imepauka, anatembea na kichupa cha maji ya tangawizi kwa ajili ya koo. Kihindi alikipata ujanani Kariakoo, akibeba majora ya vitambaa kwenye duka la Mhindi mmoja, kwa hiyo kilikuwa Kihindi cha kupima vitambaa na kugombezwa. Kwingine kote alisoma maandishi ya chini, na yasipokuwepo aliangalia nyuso.

"Uso wa mtu ni lugha, Nusu," aliniambia siku moja.

Nusu ni mie. Nilisoma diploma ya ugavi nikaiachia katikati. Nusu ya pili iko bafuni.

Sasa Polikarpo, mwenye banda, ni mtu wa Mahenge, mkubwa kama kabati, na kwenye banda lake kuna sheria moja. "Mteja akitoka hapa anauliza 'ikawaje?', kesho haji." Kwa hiyo picha halikuwa linaisha kwa sababu limeisha. Linaisha Khalfani akisema limeisha, na akisema limeishaje. Steringi akianguka kwenye maporomoko tusimwone tena, Khalfani atakwambia alidakwa na wavuvi, akatibiwa, akaoa. Watu wanatoka wamefura kwa raha. Hiyo ndiyo kazi, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Nyuma ya banda, ukutani kabisa, alikuwa anakaanga mihogo mdogo wake Khalfani, Tunu. Tulikuwa tunaishi nyumba moja sote, vyumba vinatazamana, ukikohoa huku kule wanakwambia pole. Da Tunu hakuwahi kuingia bandani. Karai lilikuwa motoni, na ndani walijaa wanaume na jasho lao. Picha alizisikiliza kupitia bati. Miaka yote ile, sauti ya kaka yake inapita ukutani, yeye anageuza mihogo. Ukimwuliza picha gani lilikuwa zuri, atakusimulia mwanzo mpaka mwisho na machozi yatamlenga. Ukimwuliza steringi anafananaje, anafikiri kidogo, halafu anasema, "Atakuwa anafanana na kaka."

Alikuwa mke wa mtu, Da Tunu. Mumewe, Abdulrahman, alikwenda Sauzi kutafuta maisha. Mwanzo alipiga simu kila Ijumaa, baadaye sikukuu kwa sikukuu, baadaye yule dada wa kwenye simu akaanza kusema namba haipatikani, na yule dada habembelezeki. Wengine walisema wamemwona Durban ana kibanda chake cha kunyolea. Wengine walisema aligongwa na treni. Kila aliyerudi kutoka kule alirudi na Abdulrahman wake.

Da Tunu kila jioni aliweka glasi ya maji juu ya stuli ndani ya mlango wake, amefunika na kisosi, kwa sababu Abdulrahman alikuwa mtu wa kiu. Akiingia ndani salamu baadaye, maji kwanza. Asubuhi, akifungua mlango kufagia, tuliiona glasi ni tupu. Wapangaji tulijadili. Mmoja akasema paka. Mwingine akasema jini, tena jini mstaarabu maana anarudishia kisosi. Mie nilisema joto la Dar lenyewe linakunywa. Tulicheka. Tulikuwa na hela ndogo na mdomo mkubwa.

Halafu akatokea Sadallah.

Sadallah ni seremala wa Keko, mtengeneza vitanda, mjane wa umri wa makamo, penseli sikioni mpaka msikitini. Alianza kuja kununua mihogo. Kutoka Keko mpaka Tandika kufuata mihogo! Nikamwuliza, "Braza, Keko mihogo imepigwa marufuku?" Akaona haya, akaongeza pilipili. Ile stuli ya mninga ambayo Da Tunu aliwekea glasi yake, aliitengeneza yeye, akaileta akisema eti ni kipande kilichobaki. Mninga haubaki jamani. Baadaye akaja na mjomba wake na posa, mbele ya Khalfani, maana baba yao alishafariki na kaka ndiye aliyesimama badala yake.

Khalfani alimpenda yule mtu kuliko alivyompenda mdogo wake, nadhani. Akasema hapana neno, ila Tunu bado yuko kwenye ndoa ya mtu. Aende kwa kadhi, kaka yake aseme mbele ya kadhi kwamba mume amepotea na hakuna tamaa ya kurudi, afunguliwe. Da Tunu aliitikia. Aliitikia kwa kichwa tu, lakini mwanamke wa watu alisuka nywele. Siku ikapangwa.

Kesho ndiyo wakutane na kadhi, leo alasiri Polikarpo akaleta picha jipya kwenye fleshi. La Kihindi, halina maandishi ya chini hata ya dawa. Nilikuwepo, benchi la pili.

Picha lenyewe lilikuwa la polepole. Mwanaume anaenda mbali kutafuta kazi, mkewe anabaki kwenye nyumba ya udongo, mvua, kusubiri, mvua tena. Khalfani alituchangamsha kwa kumpa ng'ombe wa jirani maneno. Mwishoni, mvua inanyesha, mlango unagongwa. Mwanamke anaamka, anafungua, mume yule pale analowa, ana begi begani. Anaingia, anapewa maji, anakunywa, wanatazamana. Picha linakata: asubuhi, mwanamke kitandani peke yake. Mlango una komeo, limefungwa kwa ndani. Mezani kuna glasi, maji yameshuka nusu. Mwanamke anaiangalia glasi, anatuangalia sie, na giza. Limeisha.

"Aah!" banda likaguna. Nyuma mtu akauliza kwa sauti, "Ikawaje?"

Nikamwona Polikarpo pale mlangoni anamtolea macho Khalfani. Na Khalfani, bila kumeza mate, akavuta maiki, akaingiza ile sauti yake nyembamba ya bibi harusi:

"Mume wangu amerudi, jamani! Mnamtafuta? Yuko bafuni, anaoga!"

Banda likalipuka. Watu walipiga mabenchi, watu walikumbatiana na wasiojuana. Tulitoka pale tunayaimba yale maneno, na mpaka magharibi yalishafika Mtoni.

Nje, karai la Da Tunu lilikuwa linatoa moshi. Mihogo ilikuwa imeungua yote, myeusi myeusi, na yeye kasimama kashika kijiko cha matundu kama mtu aliyeitwa jina.

Baada ya isha tulikuwa barazani, Khalfani anakula, Polikarpo kaja kumpongeza, wapangaji wamejaa. Da Tunu akatoka chumbani kwake akasimama.

"Kaka."

"Naam."

"Yule mwanamke, alisema vile kwa kinywa chake?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli. Pana kabisa, lori la mchanga lingepita. Lakini Polikarpo alikuwa ametoka kumwambia hakuna mtu Temeke nzima anayejua Kihindi kama yeye, na sote tulikuwa tunamwangalia. Khalfani akamega ugali.

"Kwa kinywa chake. Kihindi safi."

"Basi kesho hatuendi."

Ugali ukasimama njiani. "Tunu, lile ni picha."

"Najua ni picha, kaka, mie si mtoto. Lakini aliyelitunga kaona mtu anaweza kurudi. Mlango umefungwa, mwanamke kalala, kila mtu kashakata tamaa, na karudi." Alikuwa anaongea taratibu. "Nikitoka kwa kadhi na karatasi yangu, keshokutwa akagonga, nitamwambia nini? Kwamba nilishindwa kusubiri siku moja?"

"Sadallah je?"

"Sadallah mwambie asubiri kidogo."

Akaingia ndani. Tukasikia glasi inawekwa juu ya stuli.

Khalfani alijua. Aliniambia baadaye kwamba alijua pale pale, tonge likiwa mkononi, na akajipa moyo kwamba wiki moja itapita, Tunu atasahau, yeye atabaki na sifa yake na dada atapata mume. Kila Ijumaa alipanga kumwambia. Kila Ijumaa picha likarudiwa kwa maombi ya wateja, na kila mara akalazimika kumwogesha yule mume upya, maana angesema lingine wangemrushia chupa. Na kila mara nyuma ya bati Da Tunu alisikia ushahidi ule ule. Akaacha kusuka nywele, akafunga kilemba.

Sadallah alisubiri kwa heshima. Alisubiri Ramadhani ikaja ikaondoka. Mihogo aliendelea kununua, stuli aliikaza msumari ilipolegea. Ramadhani ya pili ilipoisha ndugu zake wakamchoka, wakamwozesha mwanamke wa Kipawa anaitwa Raudha, mstaarabu, hana kosa. Kabla ya harusi alikuja kumuaga Khalfani. Nilikuwa nafua uani, nikapunguza kusugua.

"Shehe wangu," Khalfani akamwambia, "tumekukosea."

"Hamjanikosea, kaka. Ila mie sikukataliwa. Ningekataliwa ningejua." Akaitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. "Kila nikija ananiambia 'bado kidogo'. Na mie namwelewa. Lakini kidogo chake sijui mwisho wake uko wapi."

Da Tunu alipoambiwa alisema, "Mungu awajaalie." Kisha akamenya mihogo. Alimenya mpaka ile ya mtu mwingine.

Siku ya harusi ya Kipawa banda lilifungwa mchana kwa ajili ya ukarabati, yaani Polikarpo na mie tulikuwa tunapigilia mabenchi. Akaingia Khalfani, nyuma yake Da Tunu na khanga yake, mikono bado ina unga wa pilipili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga mle. Aliangalia huku na huku kama mtu aliyeonyeshwa nyumba aliyoishi miaka mingi gizani.

"Poli, weka lile picha. Mwishoni," Khalfani akasema.

"La Bafuni? Maiki hiyo hapo."

"Maiki acha."

Tukakaa. Da Tunu benchi la mbele, kaka yake kasimama pembeni ya tivii kama kawaida yake lakini mikono mitupu. Mvua ya Kihindi ikanyesha. Mlango ukagongwa. Mume akaingia, akanywa maji. Asubuhi. Kitanda. Komeo. Glasi. Mwanamke akatuangalia.

Na hakusema kitu.

Mie ningeapa, kwa msahafu wowote, kwamba nilishawahi kuona midomo ya yule mwanamke ikitembea. Ijumaa ngapi nimekaa pale! Nilikuwa namwona anasema yuko bafuni. Kumbe mdomo umefungwa kama komeo lenyewe.

"Rudisha," nikamwambia Polikarpo. Akarudisha. Kimya kile kile. Mvua imekatika na muziki kidogo tu.

"Ah, hajafungua mdomo!" Polikarpo akamgeukia Khalfani. "Wewe mzee! Maneno uliyatoa wapi?"

"Kichwani kwangu," Khalfani akasema. Hakuwa anamwambia Polikarpo. "Hakusema, Tunu. Sijui kama alirudi. Hakuna anayejua. Niliyasema mie."

Da Tunu hakugeuka. Alikuwa anaangalia tivii, picha Polikarpo amelisimamisha pale kwenye glasi.

Sasa Polikarpo naye, Mungu amsaidie, kimya hakikai naye. Akaanza. "Lakini hata hivyo alirudi. Si mnaona? Maji yameshuka. Nani kanywa?"

"Na komeo je?" nikamjibu. Mdomo wangu nao hauna breki. "Katoka asubuhi kafungaje kwa ndani akiwa nje? Ni ndoto ile."

"Ndoto inakunywa maji?"

"Na mume anapita chini ya mlango? Ni mende?"

"Basi hajatoka! Yumo ndani, labda kweli yuko..." Polikarpo akajisikia mwenyewe, akanyamaza.

"Maji kanywa mwenyewe," Da Tunu akasema.

Tukamwangalia.

"Yule mwanamke. Kanywa mwenyewe." Aliongea kama mtu anayeeleza namna ya kuloweka mihogo. "Unaweka usiku, unaamka alfajiri unaiona imejaa. Imejaa vile vile. Huwezi kuimwaga, maana ukiimwaga umesema haji. Basi unakunywa. Ukishakunywa inaonekana kuna mtu alikuja."

Mie niliyekuwa nasema joto la Dar linakunywa, niliangalia misumari mkononi.

"Hata mie sikujua nafanya hivyo kwa ajili hiyo," akasema. "Nilidhani nasikia kiu." Ndipo akamgeukia kaka yake. "Ungenileta ndani siku ile, ningemwona uso. Ningejua tu. Uso wake unajulikana, kaka. Wewe si unasema uso ni lugha?"

Khalfani alivua kofia. Nilitegemea aseme neno, mtu ambaye alimsemea mpaka tembo. Alisimama vile ameishika kofia kwa mikono miwili.

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini leo Kipawa wanapiga ngoma." Akainuka, akajifuta mikono kwenye khanga, akaenda kwenye karai lake.

Waliokwenda kwa kadhi kule Kinondoni baadaye ni yeye, Khalfani, na mie kama shahidi wa ujirani. Hapakuwa na mchumba wa kumsubiri nje. Nilimwuliza Da Tunu njiani haraka ya nini sasa, akasema, "Nataka kujua nimesimama wapi, Nusu. Basi."

Kadhi alikuwa mzee mpole. Alisikiliza, akaandika, akamgeukia Khalfani.

"Wewe ndiye kaka. Mume amerudi, au ameleta habari yoyote?"

Khalfani akafungua mdomo. Akakohoa. Na sauti iliyotoka hatukuwahi kuisikia pale bandani, si ya polisi wala ya bibi harusi. Ilikuwa ndogo, ya kukwaruza, ya mzee mmoja wa Tandika.

"Hajarudi, shehe."

Da Tunu aliinamisha kichwa, na machozi ambayo hakuyatoa siku ya harusi ya Kipawa aliyatoa pale, kimya kimya, kwenye ncha ya khanga.

Tulirudi kwa bajaji. Dereva akapitia Keko kukwepa foleni, na hakuna mtu wa kumlaumu, hakujua. Vitanda vimepangwa kando ya barabara, vingine bado vyeupe havijapigwa vanishi. Sadallah alikuwa ameinama kwenye ubao, akainua kichwa, akatuona. Akaweka randa chini. Akanyanyua mkono, halafu haukupunga, ukabaki pale pale juu.

Khalfani akageuka kwa mdogo wake. Nilimwona anavuta pumzi, ile ile ya kabla ya maiki.

"Usiseme kitu, kaka," Da Tunu akamwambia. "Niache nione mwenyewe."

Bajaji ikakata kona.